Kidonda Kilichoandikwa Lori

Mimi nilifika darasa la tatu tu, kwa hiyo usitafute maneno makubwa hapa. Nimeandika kwa mkono kwenye daftari la dukani, binti yangu Sauda amepiga chapa, na nimemkataza kunipamba. Nawaandikia wanaume wa rika langu waliotoka jeshini na kidonda kisichopona, ambao leo wamekaa kwenye benchi la hospitali wakimwambia daktari uongo ule ule waliomwambia karani wa kombania walipokuwa vijana. Uongo wangu umenila mguu. Kama wako ungali mwilini, soma.

Kidonda kilikuwa kwenye ugoko wa kushoto. Nilikipata kaskazini mwa Uganda nikiwa koplo. Kilifunga, kikafunguka, kikafunga tena. Mwaka mmoja kilitema kipande cha chuma kidogo kama punje ya mchele, nikakitia kwenye kopo la vifungo. Mwaka mwingine kikatema kipande cha mfupa. Kila asubuhi nilikifunga kitambaa kama mtu anavyofunga kamba za kiatu, halafu nikaenda kazini.

Kazi yangu ni maturubai. Nilitoka jeshini na shati moja. Nikakaa chini pale Nakivubo, Kampala, na sindano ya gunia, nikishona viraka vya maturubai ya wenzangu, mpaka nikapata cherehani, ikawa mbili, zikawa tatu. Malori mengi yanayobeba mahindi kutoka mjini yamevaa turubai langu. Hakuna aliyenishika mkono. Nasema hivi si kwa kujisifu tu, ingawa najisifu. Nasema kwa sababu mtu aliyejijenga mwenyewe huamini kwamba hata mwili wake ataukemea na utatii.

Mvua za mwezi wa kumi, mwaka juzi, mguu ukaacha kutii. Ulivimba, ukawa wa moto. Mke wangu Hawa akaanza kuchoma ubani chumbani kila jioni. Nikadhani ni mapenzi yamerudi uzeeni. Nikawa naoga vizuri, najipaka mafuta. Sauda ndiye aliyeniambia.

"Baba, ubani ni kwa ajili ya harufu. Mama ameshindwa kukuambia."

Siku ile sikula. Kesho yake nikaenda hospitali.

Kwetu Kampala mgonjwa huenda na kitabu chake mwenyewe, daftari la shule, daktari aandike humo. Changu kilikuwa na picha ya simba juu. Nilikaa benchini tangu asubuhi mpaka adhuhuri na simba wangu magotini, kati ya vijana waliovunjwa na boda na kina mama wenye watoto. Daktari alikuwa kijana. Aliufungua mguu, hakuziba pua, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Akaniambia mfupa umeoza ndani, na kwamba iko wadi ya majeruhi wa vita yenye mafundi wa mifupa, ambako mtu hulazwa na kutiwa dawa ya dripu kwa wiki nyingi mpaka mfupa usafike.

"Uliumia vitani, mzee?"

"Ulifikiri niliumia harusini?"

Akacheka. "Basi nenda dirisha la kumbukumbu. Wadi ile inafunguliwa kwa namba."

Pale dirishani nikamkuta Beatrisi. Ni Mkenya wa Kakamega, anakaa Bukoto, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kiswahili chake kilininyoosha mgongo, maana huku wengi wanakitumia kama jembe la kuazima.

"Jina, mzee?"

"Koplo Faraj Rehani."

"Koplo si jina."

"Kwangu ni jina."

Aliniangalia juu ya miwani, akaandika. Halafu akanieleza kazi yake, na mimi nakueleza wewe, kwa sababu hakuna aliyewahi kunieleza kabla ya hapo. Daktari anaandika maneno. Beatrisi anayageuza kuwa namba. Namba ya kwanza inasema unaumwa nini. Namba ya pili inasema kilichokuumiza zamani ni nini. Wakubwa hawasomi maneno ya daktari, wanasoma namba, na mlango wa wadi ile unafunguliwa na namba ya pili.

"Sasa ya pili siwezi kuitunga mimi," akasema. "Nitaandika barua jeshini, watafute faili lako la matibabu. Wakijibu kwamba ni jeraha la vita, unaingia."

Nikatoka pale nikimwomba Mungu mchwa wawe wamelila lile faili. Kwa nini, utaona.

Wiki sita zikapita. Jumatatu na Alhamisi nilikuwa nakwenda kwenye kliniki ndogo kwetu Kyebando kusafishwa. Muuguzi wa pale alikuwa na tabia ya kuweka maji ya chumvi kwenye chupa ya chai ili yawe ya uvuguvugu kabla ya kuyamimina kidondani. Hakuna aliyemwagiza. Wewe unayesoma na kidonda chako unajua tofauti ya maji baridi na ya uvuguvugu juu ya mfupa. Katika mwaka ule wote, ile chupa ya chai ndiyo iliyonifanya niamini kuna watu.

Jibu likaja. Siku ile nilikwenda na Hawa na Sauda, maana gari la kukodi lilikuwa moja na mimi nilikuwa siwezi tena kukanyaga. Beatrisi akasoma karatasi, akaisoma tena.

"Mzee, hapa pana Y themanini na tano."

"Maana yake?"

"Madhara yaliyobaki ya ajali ya gari. Ya vita ni Y themanini na tisa. Faili lako linasema lori la mgao wa chakula lilipinduka, ukaumia mguu."

Sauda akageuka. Lazima ujue kwamba sisi Wanubi babu zetu waliletwa nchi hii na bunduki begani, na katika nyumba zetu uaskari ni kama jina la ukoo. Sauda amelelewa akijua baba yake alipigwa risasi akimvuta mwenzake kutoka kwenye mapigano. Shuleni aliisimulia mbele ya darasa.

"Lori gani, Baba?"

"Makosa ya karani!" nikapiga kelele, benchi zima likageuka. "Makarani wa jeshi walikuwa walevi!"

Beatrisi akaweka kalamu chini. "Mzee, mimi pia ni karani. Karani haoti. Kuna mtu alimwambia."

Hawa alikuwa ameshika kapu la chakula, anakitazama kifuniko.

"Inarekebishika," Beatrisi akaendelea, kwa sauti ya chini sasa. "Utoe maelezo: ilikuwaje, wapi, nani alikuwepo. Ukisema mimi naandika, unatia sahihi, naipeleka. Lakini iwe kweli, mzee, maana watailinganisha na karatasi za siku ile."

Nikamwambia sina la kusema. Nikamwambia mtu aliyepigania nchi haulizwi maswali na mwanamke wa dirishani. Nikaomba nirudishwe nyumbani.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu mkubwa, na ndiyo sababu ya daftari hili. Mlango ulikuwa wazi, ulidai kweli tu, nami nikaona heri mguu uoze. Miezi mitano nilikaa kwenye kiti changu Kyebando nikitoa amri kwa simu kwa mafundi wangu. Nilikunywa vidonge. Nilikunywa mizizi. Jua la mwezi wa kwanza likaja, na inzi nao. Ramadhani ikaja, nikafunga siku nne nikaanguka. Nikawa nasali juu ya kiti. Sauda alikuwa anakuja Jumapili, anasalimia, anakaa upande wa mlango. Haniulizi tena lori. Nilikuwa namtukana kwa hilo moyoni: kwa nini haulizi? Na angeuliza ningemfukuza.

Hawa ndiye aliyesema, siku moja akiwa anafua bendeji.

"Baba Sauda, mimi sijali ni lori au ni risasi. Niliolewa na mguu wenye kidonda, sikuuliza. Lakini nikiwa mjane kwa sababu ya namba, hapo nitauliza."

Nikamwambia anyamaze. Akaendelea kufua.

Mwisho wa mvua vidole vikageuka vyeusi. Nililazwa wadi ya watu wote, ile isiyouliza namba, watu wawili wamelala sakafuni kati ya vitanda, na wakanikata chini ya goti. Sitaeleza kukatwa. Wanaokwenda kukatwa wataona wenyewe, na wengine haiwahusu. Nitaeleza jambo moja tu. Siku ya tatu nilitaka kusali. Hawa akaleta birika na beseni anitawadhishe. Akamimina mikononi, akapaka kichwa, akaosha mguu wa kulia mpaka kwenye kifundo. Halafu kwa mazoea ya miaka yote, mkono wake ukahamia kushoto, ukamimina. Maji yakaanguka juu ya shuka. Tukayatazama wote wawili. Hakulia, nami sikulia, lakini shuka lile halikubadilishwa mpaka kesho yake, nikalala juu ya majimaji yale nikijua ni ya nini.

Daktari wa kukata akaja na picha. Mfupa wa juu nao ulikuwa na dalili.

"Tukipata ile dripu ya wadi ya vita, wiki nane, goti linapona," akasema. "Tusipoipata, baada ya mwezi tunakata juu ya goti. Mzee, mwenye goti anatembea na mguu wa bandia. Asiye na goti, kwa umri wako, anabebwa."

Mimi sijawahi kubebwa tangu niache mgongo wa mama yangu. Nikamwambia Sauda alete kiti cha magurudumu, anisukume mpaka dirisha la Beatrisi. Hawa akafuata nyuma na kapu lake. Nilitaka kumwambia abaki. Sikumwambia.

"Andika," nikamwambia Beatrisi. Na hiki ndicho alichoandika.

Tulikuwa tunatembea mstari mmoja kandokando ya barabara, kila mtu anakanyaga unyayo wa aliye mbele, kwa sababu ya mabomu ya ardhini. Amri ilikuwa kwamba asitoke mtu mstarini hata kwa haja. Aliyetaka kujisaidia alijisaidia palepale, wenzake wakimtazama na kumtania. Mimi nilikuwa na tepe mbili mpya begani, na tumbo la kuhara, na kopo la maji la kutawazia, na haya. Wale vijana walikuwa wanacheka kopo langu: "Koplo amebeba bafu!" Sikutaka wanione. Nikamwambia askari wangu mmoja, Odong, anifuate anilinde mgongo.

Odong akauliza, "Nje ya mstari, afande?"

Nikamwambia, "Nifuate."

Nikaruka mfereji mdogo. Yeye alikuwa mfupi, hakuruka, alikanyaga. Alikufa papo hapo. Mimi nilipata vyuma mguuni, na kopo langu likatoboka.

Karani wa kombania alikuwa mtu wa kwetu. Alinikuta hema la wagonjwa, akainama. "Ukiandikwa kwamba ulitoka mstarini na ukamtoa askari, utavuliwa tepe na utafungwa. Juzi lori la mgao limepinduka, dereva wake katoroka, ripoti bado iko mkononi mwangu. Nawaingiza humo wewe na yeye. Ila lori linataka dereva."

Nikamwambia, "Andika Odong."

Maneno mawili. Ndiyo maelezo yote.

Beatrisi aliandika mpaka hapo, kalamu ikasimama. Sauda alikuwa nyuma yangu, sikumwona uso, ila nilihisi mikono yake ikitoka kwenye vishikio vya kiti, kisha baada ya muda ikarudi. Hiyo ni rehema ya pili ninayoihesabu, baada ya chupa ya chai.

"Huyo Odong alikuwa na mke?" Beatrisi akauliza.

Kabla sijafungua mdomo, Hawa akajibu. "Yuko Bukoto sokoni. Anauza samaki wakavu. Nimenunua kwake miaka yote."

Nikageuza shingo. Mimi nilijua mjane yule yuko Bukoto. Ndiyo maana sikuwahi kukubali kazi ya turubai ya soko lile, nikisingizia walipaji wabaya. Sikujua kwamba samaki niliokuwa nakula wametoka mkononi mwake.

"Ulijua?" nikamwuliza Hawa.

"Nilijua mume wake alikuwa kombania yako. Na nilijua ukisikia jina lake unatoka chumbani. Mengine nilikuwa nakungoja wewe."

Nikatia sahihi. Beatrisi akaligeuza daftari langu la simba, akafuta kwa mstari mmoja, akaandika juu yake kwa penseli: Y themanini na tisa, itathibitishwa. Kutoka themanini na tano mpaka themanini na tisa ni hatua nne. Ilinichukua umri wa mtu mzima kuzipiga.

Karatasi za siku ile zikatafutwa. Yule dereva wa kweli wa lori alikuwa ameshikwa baadaye na kukiri, karatasi yake ilikuwepo miaka yote katika faili jingine, hakuna aliyeziweka pamoja. Basi maelezo yangu yakasimama. Siku kumi na moja tu, mlango wa wadi ya vita ukafunguka. Nasema siku kumi na moja, na wewe ukumbuke miezi mitano ya kiti changu.

Wiki nane za dripu. Huko nilikutana na wanaume kama sita wenye hadithi zao, na nakuambia, nusu yao namba zao zilikuwa za uongo kabla hazijanyooshwa: huyu "alianguka kutoka mtini", yule "alijikata na panga". Kila mmoja alikuwa na tepe yake aliyokuwa anailinda. Tepe zenyewe zimeliwa na nondo zamani. Goti langu likapona. Mguu wa bandia ukaja mvua za mwezi wa kumi, wa rangi ya chai ya maziwa, haufanani na ngozi ya mtu yeyote ninayemjua. Unachubua, unalia kama mlango. Natembea.

Safari yangu ya kwanza kwa mguu ule ilikuwa Bukoto. Hawa alinionyesha meza kutoka mbali, akasimama. Mjane wa Odong ni mwanamke mrefu, mkavu, anafukuza inzi kwa kipande cha mfuko wa saruji. Nikasimama mbele ya samaki wake nikamwambia jina langu, halafu nikamwambia yote, kuanzia kopo la maji. Watu walikuwa wanapita. Aliendelea kupepea inzi mpaka nilipomaliza.

"Waliniletea barua kwamba mume wangu kapindua lori la chakula cha wenzake," akasema. "Nikawaambia, Odong hajui kuendesha hata baiskeli. Wakasema, mama, alijifunza huko huko. Mama mkwe wangu alikufa akiamini mwanawe alikuwa mlevi. Wanangu wakagombana na watoto wa jirani kwa hilo. Mimi peke yangu nilijua. Nilijua, lakini mimi ni muuza samaki, nitamwonyesha nani?"

"Nimetia sahihi," nikasema. "Nimesema kweli yote."

"Wewe wamekuandikaje sasa?"

"Jeraha la vita."

"Na yeye?"

Nilidhani kweli ikisemwa mara moja inafika pande zote.

"Basi rudi ukiwa na karatasi yake, koplo," akasema. "Mkeo namuuzia. Wewe usimame pale."

Nilisimama pale aliponionyesha, jua likinipiga, mpaka Hawa alipofungiwa samaki wake.

Tangu hapo kila mwanzo wa mwezi nakwenda kwa Beatrisi. Ameandika barua, ameandika ya pili. Wanajibu kwamba faili la marehemu halifunguliwi kwa ombi la hospitali, kwa sababu marehemu hatibiwi. Ananisomea, anavua miwani, ananipa kiti. Nakaa kidogo. Namwambia aandike nyingine.

Kwa hiyo wewe uliye benchini na kitabu chako magotini, wakikuuliza iliyokuumiza, sema kama ilivyokuwa, na umtaje uliyekuwa naye. Useme leo. Mguu wangu ulichelewa, ukakatwa, na bado ninao mwingine. Mimi ni Y themanini na tisa sasa, imeandikwa, imepigwa mhuri. Odong bado anaendesha lori.